Kipimo cha Bobini

Mama yangu alishona sare za shule kwa miaka ishirini na sita kabla mtu yeyote hajamsikia akisema amekosea kipimo. Najivunia hilo na sifichi, na mtaani kwetu hakuna asiyelijua. Ukimrudishia sketi ukasema inabana, anakuangalia kuanzia utosini mpaka kwenye visigino, halafu anakuuliza kwa upole wa kutisha, "Tangu lini umeanza kula mara tano kwa siku?" Unachukua sketi yako kimya kimya, unaondoka, na mwezi unaofuata unamleta mdogo wako kupimwa.

Wanamwita Fundi, basi. Fundi wa magari wa kona ya pili naye ana haki ya kuitwa hivyo, lakini alishanyoosha mikono zamani. Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana ya mama. Kuna cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, majora ya kitambaa cha buluu na cha kaki yamesimamishwa ukutani, na meza ya kukatia ambayo ikifika saa ya kula inafutwa chaki na kuwa meza ya chakula. Nimekula vipande vya uzi maisha yangu yote na sijambo.

Katika kazi ya sare, mama ana sheria moja ambayo haivunji kwa ajili ya mtu yeyote: lazima uache nafasi ya kukua. Mzazi akilalamika kwamba shati la mwanawe linapwaya mabegani, mama hujibu, "Mwanao atakua, shati halitakua. Nani kati yao tumwachie nafasi?" Ukitaka kuwajua watoto waliopita mikononi mwake, angalia mapindo ya suruali zao. Kila mwaka yanafumuliwa kidogo, na kila mwaka inabaki alama ya pindo la zamani.

Sisi kwetu tuko wanne. Baba ni karani wa ghala, mtu wa maneno machache, ukimwomba ruhusa ya jambo lolote atakuuliza, "Mama yenu amesemaje?" kisha ataendelea na gazeti lake. Mimi ni kifungua mimba, kazi yangu ni kutia vifungo na kuwajibu wateja wakorofi, na hiyo ya pili sikufundishwa na mtu. Kisha, miaka kumi na miwili baada yangu, akaja kitinda mimba wetu, mwembamba mpaka mama akampa jina la Sindano, na jina likamganda.

Sindano ndiye aliyetaka mbwa. Alianza kumtaka akiwa na miaka sita, siku alipomwona Mkunga wa mtaa wetu akipita mbele ya dirisha letu na kijibwa cha aina ya teria, cheupe, chenye sikio moja la kahawia na manyoya yaliyosimama ovyo kama kimeamshwa sasa hivi. Hao ni mbwa wadogo wa kufukuza panya. Wanaingia popote panya anapoingia, na hawana habari kwamba wao ni wadogo.

"Mbwa?" mama alisema. "Humu ndani mna nguo za watu. Atanitafunia darasa zima."

Sindano hakulia wala hakununa. Alikuwa anauliza tena kila mwezi, kwa adabu, kama mtu anayefuatilia barua yake ofisini. Baada ya miaka miwili na nusu mama alichoka, akatafuta sharti la kumnyamazisha. "Siku utakayopiga pindo la shuka zima, pande zote nne, mshono usipinde hata mahali pamoja, siku hiyo tutazungumza habari za mbwa."

Alidhani amemaliza. Mtoto mwenyewe hata kanyagio alikuwa analifikia kwa ncha za vidole! Lakini Sindano alianza na mabaki ya vitambaa. Kila siku akitoka shule, mama akipumzisha mgongo, yeye anapanda kwenye kiti na kushona mistari. Mistari ya mwanzo ilikuwa inatembea kama mlevi. Miezi ikapita, ikaanza kunyooka. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Jumamosi asubuhi, aliweka shuka mezani, limekunjwa vizuri, akarudi nyuma hatua mbili.

Mama alilifungua. Alipitisha kidole gumba kwenye pindo lote, akaligeuza upande wa pili, akavuta futi shingoni na kupima upana wa pindo kila kona. Nilimjua: alikuwa anatafuta kosa. Alilitafuta mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe alivua miwani na kusema, "Vaeni viatu. Twende kwa Mkunga."

Nilikuwa na mdogo wa kujivunia na mama wa kujivunia, wote wawili kwa shuka moja.

Mkunga alikuwa amestaafu, lakini jina la kazi lilibaki. Aliwapokea nusu ya watoto wa mtaa, mimi na Sindano tukiwemo, na ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumwambia mama "sukuma" na mama akatii. Tulimwamkia, akatukalisha kwenye benchi moja refu ukumbini. Mbele yetu mbwa jike alikuwa amelala kwenye blanketi, watoto wanne wakimpanda mgongoni. Juu ya meza palikuwa na mizani ileile ya kupimia vichanga.

Kama ulidhani unakwenda kununua mbwa, Mkunga alikutoa ushamba. Yeye ndiye aliyetukagua sisi. Nani anashinda nyumbani? Nani atafuta uchafu? Akiugua nani atampeleka kwa daktari wa mifugo? Alipofika kwa baba, baba akasema, "Mama yao amesemaje?"

"Nakuuliza wewe, baba," Mkunga akamwambia.

Baba alifikiri. "Mimi nitafuta uchafu," akasema. Sote tuligeuka kumtazama.

Mtoto mdogo kuliko wote, mwenye doa jeusi jichoni, alikuwa anazunguka palepale akiukimbiza mkia wake. Sindano akaangua kicheko. "Bobini!" akasema, na ndivyo alivyoitwa, kama kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani. Mama alimnyanyua Bobini na kumkagua kama anavyokagua kitambaa dukani: akavuta ngozi kidogo na kuiachia, akageuza masikio, akatazama fizi. Aliridhika, ila hakusema. Kuridhika kwa mama hutambulika kwa kukosa neno la kulalamikia.

Kisha Mkunga akatoa kadi. Alikuwa na kadi kwa kila mtoto wa mbwa, zilezile za kliniki, amefuta maneno na kuandika yake: uzito wa kila wiki, kifua, chanjo, tarehe. Pale penye "jina la mlezi" hakuandika kitu.

"Hapa huwa sijazi siku ya kwanza," akasema. "Mnakaa naye wiki nne, mnamleta kila Jumamosi nimpime. Wiki ya nne nakuja nyumbani kwenu. Nikikuta mambo yako sawa, naandika jina. Nikikuta vingine, anarudi kwa mama yake na hela yenu mnarudishiwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bibi," Sindano akajibu kabla yetu sote.

"Na jambo la mwisho. Mkanda wake wa kifuani uwe wa kumkaa. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili, cha tatu kikatae. Hawa hawakui sana. Huyu hatafika kilo saba."

Hapo mama akachekea puani. "Dada, kwa heshima zote. Mimi ndiye wa kufundishwa kipimo?"

Mkunga alimtazama, akatazama na futi shingoni mwake. Mimi nilikuwepo na nililiona lile jicho. Ni jicho la mtu anayejua kwamba utarudi.

Bobini alihamia chini ya cherehani. Tulimtengenezea kitanda sebuleni, akakikataa. Alichagua sanduku la mabaki ya vitambaa, pembeni ya kanyagio, na mama akianza kushona yeye analala fofofo. Cherehani ikinyamaza, anainua kichwa. Wiki ya pili alimtoa panya nyuma ya majora, panya aliyetutafunia nguo mwaka mzima, na ingawa hakumkamata, alibweka kwa majivuno utadhani kaangusha ng'ombe. Mama akamkatia kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake mwenyewe. Baba alikuwa anafuta uchafu bila kukumbushwa, na mara mbili nilimfuma akimsomea gazeti.

Siku ya pili tu mama alikuwa ameshamshonea mkanda wa kifuani. Nimeona kazi nyingi za mikono yake, lakini ule mkanda ulikuwa kitu kingine. Turubai ya buluu, mishono miwili miwili, ndani ametia kitambaa laini ili usimchubue, na kifungo cha shaba nilikipiga mimi. Bobini akavalishwa, na mkanda ukamning'inia.

"Mama, unapwaya," nikasema.

"Atakua."

"Mkunga alisema—"

"Mkunga anazalisha. Mimi nashona." Akaingiza vidole vinne kati ya mkanda na kifua cha Bobini, akavichezesha. "Hii ni nafasi ya kukua. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii, leo unifundishe wewe?"

Nilinyamaza. Naandika hapa kwamba nilinyamaza, maana baadaye nilijilaumu. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda kupima uzito, Sindano alimvua Bobini mkanda na kumbeba mikononi. Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyemwambia afanye hivyo.

Siku tatu kabla ya Mkunga kuja kutukagua, Sindano alirudi kutoka matembezini mchana kweupe, akiburuta kamba. Mwisho wa kamba palikuwa na mkanda wa buluu, umefungwa kifungo chake vizuri kabisa, na ndani yake hapana mbwa.

"Ameona panya mtaroni," akasema, pumzi hazimtoshi. "Nikamvuta. Akarudi kinyumenyume, akatoka tu, mama. Akatoka tu! Ameingia kwenye bomba la chini ya barabara. Nimemwita, hatoki."

Chumbani kulikuwa na wateja wawili, mama mmoja na bintiye aliyekuja kupimwa sketi. Mimi nilisimama mbele ya mdogo wangu, maana nilijua mama akikasirika maneno yake yanakata kuliko mkasi, na siku ile nilikuwa tayari kugombana naye. Lakini mama hakumtazama Sindano. Aliupokea mkanda. Akaingiza vidole ndani yake, vinne, vikapita. Akakitia na kidole gumba. Mkono mzima ukapita.

"Hukukosa wewe," akasema. "Nimekosea kipimo."

Yule mteja akaacha kuongea katikati ya neno.

Baba alikuwa amekuja kula chakula cha mchana. Kwa mara ya kwanza alitoa ushauri bila kuombwa. "Tumtafute kwanza wenyewe," akasema. "Mkunga akijua, anamchukua. Tukimpata, hakuna haja ya mtu kujua."

Sindano akamtazama mama. Miaka minne ya kuomba na shuka la pande nne, vyote vilikuwa kwenye yale macho. Mimi nilikuwa upande wa baba, siwezi kusema uongo. Mama akachukua simu mezani, akapiga, akaongea akiwa amesimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Dada, ni mimi, Fundi. Bobini ametuponyoka. Ulinipa kipimo nikakidharau, nikamshonea nafasi ya kukua. Yuko ndani ya bomba la mtaro. Najua tulivyokubaliana. Ukimchukua utakuwa na haki, lakini kwanza nisaidie kumtoa."

Mkunga alifika kabla hatujamaliza kumulika tochi. Bomba lile ni la saruji, jembamba, mtu mzima haingii hata bega. Upande wa pili wa barabara lina wavu wa chuma, kwa hiyo Bobini alikuwa humo humo, na katikati linagawanyika kwenda kusikojulikana. Tuliita mpaka sauti zikatukauka. Mara moja tulisikia anabweka mbali, kisha kimya. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, kila mmoja na ushauri wake, na fundi wa magari akapendekeza tuvunje barabara.

"Acheni kuita," Mkunga akasema. "Mnampigia kelele, anazidi kuingia ndani. Huko nyumbani analala wapi?"

"Chini ya cherehani," Sindano akajibu.

"Mama yenu akiwa anashona?"

Baba na fundi wa magari walikuwa wameshaanza kukimbia.

Cherehani ile ina miguu ya chuma, haijawahi kutoka mle chumbani tangu iingie. Waliibeba wakihema, mimi nyuma na kiti, Sindano na sanduku la mabaki ya vitambaa, na tukaiweka mdomoni mwa bomba, kando ya barabara, jua la saa saba likituwakia. Mama akakaa na kutengeneza gauni magotini. Akaweka mguu kwenye kanyagio, kisha akausimamisha.

"Siwezi kukanyaga bure," akasema. "Nipeni ule mkanda." Akaufumua, mshono baada ya mshono, kwa wembe wake mdogo, mbele ya watu wote. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Dada, kifua chake wiki hii ni ngapi?"

Ungemjua mama yangu, ungejua uzito wa swali lile. Hajawahi kushona kwa kipimo kilichochukuliwa na mkono wa mtu mwingine. Mkunga akatoa kadi mfukoni, akasoma namba. Mama akakata vipande viwili vya turubai kwenye ule mkanda, kimoja kila upande, akaviweka kando na kuanza kushona.

Cherehani ilianza kuunguruma. Aliikanyaga polepole, mwendo uleule wa kila siku, wala hakutazama bomba hata mara moja. Watu wakanyamaza wenyewe. Alimaliza upande wa kwanza. Akageuza. Alikuwa amebakiza kona ya mwisho niliposikia kucha zinakwaruza saruji, na Bobini akatoka, mweusi kwa tope kuanzia puani mpaka mkiani. Hakumtazama Sindano aliyepiga magoti, wala Mkunga, wala mtaa mzima uliokuja kwa ajili yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake kando ya kanyagio, akazunguka mara tatu, akajilaza.

Mama alimalizia kona, akakata uzi. Ndipo alipofuta macho, kwa futi.

Sindano alimvalisha mkanda, tope na vyote. Mkunga akainama, akaingiza vidole viwili, vikapita. Akajaribu cha tatu. Kikakataa. Alijaribu tena upande mwingine, maana na yeye ana kiburi chake, na kikakataa tena.

"Nilisema nitakuja wiki ya nne," akasema.

"Zimebaki siku tatu," mama akamjibu. "Ukitaka kumchukua, mchukue. Sitabishana na wewe."

"Mtu aliyenipigia simu mwenyewe nimkague nini tena?" Mkunga akaitandaza kadi juu ya meza ya cherehani, akafungua kalamu. "Jina la mlezi. Niandike nani?"

Sindano akamnyooshea mama kidole. Mama akamnyooshea Sindano. Wakabaki hivyo, wamenyoosheana vidole kando ya barabara, mpaka Mkunga akacheka na kuandika wote wawili kwa herufi ndogo ndogo ili watoshe.

Vile vipande viwili vya turubai mama hakuvitupa. Amevibana kwa pini ukutani, juu ya cherehani, mahali ambapo mafundi wengine wangebandika cheti. Bobini sasa ni mtu mzima, hajafika kilo saba, na mkanda ni uleule. Sare za watoto bado zinaachiwa nafasi ya kukua. Ukirudisha sketi, siku hizi mama anaingiza vidole viwili kiunoni kwanza kabla ya kukuuliza unakula mara ngapi.

Juzi mteja mgeni alivinyooshea kidole vile vipande akauliza ni vya nini. Nilifungua mdomo kumjibu, kama kawaida yangu, lakini mama akaniwahi.

"Hapo nilikosea kipimo," akasema, mguu wake ukiwa bado kwenye kanyagio. "Haya, nyoosha mikono nikupime."